Kaburi la Mtoto wa Mwenziwe

Mabela, baada ya Magharibi

Mwanangu Nasra,

Amani ya Mungu ikutangulie huko wendako, na radhi zangu zikufuate nyuma.

Umekwenda Sidab kuwaaga shangazi zako, na nawajua, hawatokuachia mapema. Nimepata faragha ya kukaa na kalamu. Begi lako nishalifunga. Mambo ya nguo za baridi na dawa na nani umpigie simu ukifika nshakwambia mpaka umechoka, nami nimechoka kujisikia. Humu hutoyakuta.

Wiki iliyopita tulipokuwa tunakula uliniuliza mbona Bibi ndiye wa mwanzo aliyekubali wende Shiraz kusomea usanifu wa majengo, na hali wajomba zako walishikilia kuwa Uingereza ndo bora, na wengine wakasema kwani Maskati hapa hakuna chuo. Nikakujibu kuwa Bibi anaipenda Shiraz kwa sababu ndiko alikopata macho yake. Sikukudanganya, ila nilikukatia maneno. Mwenyewe alikuwa amekaa pale pale na sikutaka kumsemea mbele yake. Sasa nakupa khabari yote, maana unakwenda kukaa katika nyumba ambayo mambo haya yalianzia.

Jina la mjomba wako Said unalijua. Sura yake huijui, na karibu nami nasema siijui. Alikuwa mkubwa wetu, kijana wa miaka kumi na saba, mimi nikiwa ndo kwanza naingia chuo cha Kurani. Nyumba yetu ya Unguja ilikuwa na baraza ya mawe nje, na Said alikuwa hapungui pale alasiri, yeye na wenziwe na karata zao. Mimi nikiwa ndani nilikuwa najua nani kashinda kwa kusikia tu kicheko chake. Katika siku zile za mapinduzi alitoka asubuhi kwenda kumtazama rafiki yake kama yu mzima. Hakurudi. Mmoja alisema kamuona huku, mwengine akasema kule. Hakuna aliyetuletea mwili, wala aliyetuonesha pahala. Miezi baadae tukapanda meli na mabunda yetu, na picha zote zikabaki ukutani.

Tangu siku hiyo Bibi yako hakulitaja jina la Said. Tulipofika Maskati, wanawake wa mtaani walikuwa wakimuuliza ana watoto wangapi, akituhesabu sisi tuliokuwepo. Mimi nilikuwa namsikia na nikafuata njia ile ile. Nilipokuwa mtu mzima nikaona kuwa mama yangu kapoa. Nilikuwa nikimsifu kwa watu: mama yangu mwanamke wa subira, kaacha yaliyopita. Mwanangu, mtu akinyamaza usikimbilie kusema kapoa. Miaka thalathini na zaidi niliishi na mama yangu nyumba moja na sikumuuliza hata siku moja, na ile hali ya kutokumuuliza nikaiita adabu.

Kisha macho yake yakaingia mtoto wa jicho. Ulikuwa na miaka minane, nafikiri unakumbuka alivyokuwa akikupapasa kichwa kujua kama ni wewe au kaka yako. Watu wa Ghuba wengi siku zile walikuwa wakenda Shiraz kutibiwa macho, na baba yako akapata khabari kwa mwenziwe wa kazini bandarini kuwa kuna mama mmoja pale anakodisha vyumba kwa wagonjwa, tena anasema Kiarabu. Huyo ndo Ummu Karim. Wewe utamkuta mzee sasa. Wakati ule alikuwa mwanamke mnene mwenye mikono ya nguvu, anapika kwa sufuria kubwa kama anayetarajia harusi kila siku. Kwao si Shiraz. Kwao ni kule kusini-magharibi, mpakani na Iraki, mji wa mitende ulioshambuliwa mwanzo wa vita vya nchi mbili hizo. Walikimbia na mabunda yao kama tulivyokimbia sisi, ndo maana yeye na Bibi yako walielewana kabla hata ya kuelewana lugha. Kiarabu cha Bibi unakijua. Nusu ya maneno nikiyabeba mimi baina yao.

Jambo la mwanzo lililonishangaza lilikuwa anwani. Kila kichochoro katika mtaa ule kina jina la kijana aliyekufa vitani, na aghalabu ni kijana aliyezaliwa pale pale. Kichochoro cha Ummu Karim kina jina la mtoto wa jirani yake. Dereva wa teksi tukimwambia tunapokwenda, tunalitaja jina la yule kijana, na mama yake tunamkuta dirishani anachambua mboga. Nikamuuliza Ummu Karim haimuumi mama yule kusikia jina la mwanawe kwa kila mpitanjia na kila muuza vitunguu. Akanambia kuwa mwanzo ilimuuma, sasa siku ambayo hajalisikia ndo inamuuma. Nawe ukipotea Shiraz, mwanangu, hilo ndo jina utakalolitaja ili urudi nyumbani. Litaje vizuri.

Bibi alipasuliwa jicho moja. Siku ya kufunguliwa kitambaa alitazama ukuta wa hospitali muda mrefu, akasema kumbe rangi yake kijani. Hiyo ilikuwa Jumatano. Siku ya pili Ummu Karim akajitia shughuli tangu asubuhi, akichemsha halwa yao ya unga na zafarani, akijaza marashi mawaridi katika chupa. Alhamisi alasiri watu wa kule huzuru makaburi. Akatuuliza kama tutapenda kufuatana naye. Mimi nilitaka kukataa, nikihofia vumbi na jicho la Bibi. Bibi ndiye aliyesema twende, kachoka kulala.

Wewe kwa siku hiyo unakumbuka chemchemi tu, na lile ua la plastiki ulilorudi nalo Maskati. Basi nikwambie tulichokiona sisi wakubwa.

Ulikuwa uwanja mkubwa, misonobari pembeni, na safu za makaburi zisizo mwisho. Juu ya kila kaburi limesimama sanduku la vioo lenye miguu ya chuma, kama kabati dogo la vyombo, na ndani yake picha ya kijana. Wengine hata ndevu hazijaota. Pembeni ya picha kuna msahafu, tasbihi, kioo cha kujitazamia, vinara vya mishumaa, chupa ya atari, maua. Juu yake bendera, nyekundu na kijani. Milango ya chuma imekatwa kwa umbo la ua, ukuta umechorwa ua lile lile, na hata ile chemchemi uliyokuwa ukiichezea mdomo wake ni ua. Kila pahala ua moja jekundu lenye umbo la kikombe.

Bibi akasimama njiani. Unajua sisi kaburi letu lilivyo: mchanga, na mawe ya kutambulisha, mawili kwa mwanamme na matatu kwa mwanamke, basi. Hakuna jina, seuze picha. Akanambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, “Haya mambo si yetu. Makaburi hayapambwi. Mrejeshe mtoto.”

Nami, nakwambia kweli, nilikuwa pamoja naye. Moyoni nilikwisha kuyahukumu yale masanduku. Niliyaona kama dirisha la duka. Nikafikiri kuwa watu hawa wanaionesha huzuni yao, na sisi wenye mchanga mtupu ndo wenye kumtegemea Mungu. Ummu Karim alikuwa haelewi maneno yetu, lakini nyuso zetu alizielewa. Hakukasirika. Akatushika mikono akatukalisha penye ukingo wa njia na akaanza kutueleza, kama mtu anavyomueleza mgeni chakula asichokijua.

Sanduku lile, akasema, asili yake ni chumba cha harusi. Kwao, tangu zamani, kijana akifa hajaoa humtengenezea chumba kidogo cha vioo na taa, humpambia kama bwana harusi, kwa sababu ile furaha mama yake aliyomwekea haina pa kwenda. Kioo na vinara vile ndivyo wanavyowekewa maharusi siku ya ndoa. Lile ua wanalihadithia kuwa huota penye damu ya aliyedhulumiwa, na liko la aina yake huko milimani linaloinamisha kichwa chini likadondosha maji, wakasema linalia. Maji ya chemchemi, na yale mabirika ya maji ya bure utakayoyaona njiani, ni kwa ajili ya kiu ya watu wa Karbala, waliozuiliwa maji mpaka wakauliwa. Mwenye kuyanywa anatakiwa awakumbuke. Na akatuonesha pembeni ya uwanja minara mirefu ya saruji isiyo na kitu juu, mimi nilidhani haijamalizwa. Ni mitende ya mji wao. Mizinga iliikata vichwa yote, ikabaki imesimama vigogo, na waliojenga wakaifanya vivyo hivyo makusudi.

Nilipokuwa namtafsiria Bibi, nilijihisi sauti yangu inabadilika. Bibi akauliza swali moja tu. Alitaka kujua mwanawe Ummu Karim yuko wapi katika hao.

Akatupeleka mwisho wa uwanja. Huko masanduku yanakwisha, yanaanza mawe meupe yaliyolala, yote sawa sawa, bila ya jina. Imeandikwa tu kuwa ni shahidi asiyejulikana. Karim alikwenda vitani kwa kujitolea, na rafiki yake aliyerudi alisema alimuacha nyuma katika mabwawa ya matete. Vita vikaisha, mateka wakarudi, Karim hakuwemo. Basi siku moja walipozikwa vijana waliookotwa bila ya vitambulisho, Ummu Karim akenda maziko, akachagua kaburi moja likawa lake. Kila Alhamisi hulikosha kwa marashi mawaridi, akakaa nalo.

Hilo peke yake ndo lilikuwa na sanduku katika safu ile. Alilitengeneza mwenyewe kwa fundi wa madirisha. Ndani mlikuwa na msahafu, vinara, kitana cha Karim na chupa yake ya mafuta mazuri. Picha haikuwemo. Pahala pa picha palikuwa na kioo.

Bibi akaniambia nimuulize mbona hajaweka picha ya mwanawe. Ummu Karim alikuwa anafuta vumbi, hakugeuka. “Nikiweka picha ya Karim,” akasema, “ntamnyang'anya mwenzangu mtoto wake. Huyu ana mama yake, sijui wapi. Akija siku moja, ajione yeye.”

Nikamuuliza, hili nililiuliza mimi si Bibi, vipi anaweza kulia juu ya mtu asiyemjua. Akanambia, “Labda na wangu yuko pahala, na kuna mwanamke anamkosha. Mimi namkosha wake.”

Nilimtafsiria Bibi. Bibi akasogea karibu na lile sanduku. Jicho lake lina siku moja tu tangu lifunguliwe, na kwa miaka alikuwa hajaiona sura yake mwenyewe. Aliinama akatazama kile kioo, na nikadhani anastaajabia uzee wake, kwa sababu akajishika shavu. Kisha akasema, kwa utulivu kabisa, kama anayeniambia mvua imeanza, “Said kachukua uso wangu. Nilisahau. Angezeeka angekuwa hivi.”

Lile ndo jina, Nasra. Baada ya miaka yote. Nilikuwa nimesimama na mkoba wake mkononi, nikaona aibu, maana nilitambua kuwa alikuwa naye siku zote na mimi ndiye niliyemfungia mlango.

Ummu Karim alisikia jina. Hakuhitaji mkalimani. Akampa Bibi kitambaa na chupa ya marashi, wakapiga magoti wote wawili, Bibi yako aliyekuwa anasema makaburi hayapambwi, wakalikosha lile jiwe kuanzia kichwani mpaka miguuni. Bibi akasoma Fatiha, akamsomea yule kijana wa watu, kisha akainua mikono tena akamsomea Said kwa jina lake na jina la baba yake. Wewe ukaja mbio na ua lako, miguu imerowa, ukaniuliza Bibi anakosha nini. Nikakujibu anasafisha. Ulikuwa mdogo, na mimi nilikuwa bado sijajua la kusema.

Tuliporudi Maskati mambo hayakubadilika siku moja. Ila Bibi akaanza kumtaja. Kidogo kidogo: Said alikuwa hali bamia, Said alikuwa akipiga mbinja watu wakidhani ni ndege. Nawe ukakua ndani ya maneno hayo, ukaanza kuchora. Ulipofika miaka kumi na sita ukachora lile jumba. Unajua ninalolisema. Ulijifungia chumbani likizo nzima, ukatoka na karatasi kubwa: ukumbusho wa mjomba Said na wote waliopotea pamoja naye, ukuta wa vioo, ua kubwa jekundu katikati, na maji. Baba yako alilisifu. Mimi nilitokwa na machozi. Ukampelekea Bibi, akalivalia miwani, akalitazama pembe kwa pembe, akakwambia ni zuri sana, halafu akasema, “Lakini ua hili Said hakupata kuliona maishani mwake.”

Ulilia siku ile, na mimi nilimkasirikia mama yangu. Niliona kamvunja moyo mtoto. Nilikwenda kumwambia, na alinijibu nisilolitarajia. Akasema yule mama wa Shiraz kila alichokiweka mule ndani kilikuwa chake: kioo cha harusi za kwao, kitana cha mwanawe. “Nasra kaazima harusi ya watu,” akanambia. “Mwambie aniulize mimi Said alikuwa akipenda nini.”

Nawe, Mungu akuzidishie, ulifuta machozi ukenda ukamuuliza. Hapo ndipo nilipojua utakuwa mjenzi. Mtu yeyote anaweza kuchora. Wachache hurudi kuuliza wakishakosolewa.

Ndo ikapatikana ile baraza yetu. Mafundi walikuwa hapa Mabela wanamaliza ukuta wa nyumba, na wewe ukawasimamisha. Nyumba zote za mtaa huu zina kuta ndefu na mageti, hakuna anayejenga pa kukaa nje, na msimamizi wao alituona tumepungukiwa na akili. Ulimkalisha Bibi juu ya matofali, ukapima kutoka nyuma ya goti mpaka ardhini ili miguu yake isining'inie. Ukaitengeneza ielekee mashariki ya nyumba, ipate kivuli alasiri. Jina hukuandika. Bibi alikataa, na safari hii hukulia.

Sisi watu wa nyumba hii tunajua ile baraza ni nani. Wengine hukaa tu. Wafanyakazi wa ujenzi hula chakula chao cha mchana pale. Yule msichana wa Kikenya wa kliniki ya jirani, Mercy, siku ya mwanzo alibisha hodi kwanza. “Mama, naomba kukaa hapo nje nikingojea gari. Si mtu atanifukuza?” Bibi akamwambia, “Kaa mwanangu, imejengewa kukaliwa.” Na siku moja vijana wawili walikaa pale wakacheza karata mpaka ikaadhiniwa, mmoja akicheka kwa sauti. Bibi alikuwa ndani, dirisha wazi. Alinizuia nisiwashe televisheni.

Sasa unakwenda huko ambako kila njia panda pana ukumbusho. Utaona nyuso zimechorwa ukuta mzima wa ghorofa, utaona maganda ya makombora yamepandwa maua, makuba, kofia za chuma, mikono ya saruji inayoelekea mbinguni. Mengine yatakugusa na mengine utayaona yanapiga kelele. Ummu Karim mwenyewe aliwahi kunambia kuwa picha za ukutani ni za wakubwa wa serikali, wanasema nazo wanayotaka kuyasema, na marehemu hawana wa kuwajibia. Sanduku la vioo ni lake. Lakini siku ya pili nilimuona amesimama chini ya picha mojawapo ya ukutani, kainua uso, analia. Kwa hivyo sina kauli moja ya kukupa. Walimu wako watakufundisha alama zina maana gani. Ukishajifunza, kaa pembeni utazame nani anakuja, anashika wapi, anaketi wapi akichoka. Mimi nilihukumu nikiwa bado nimesimama njiani, na lau si Bibi kuuliza lile swali lake tungerudi na hukumu yetu mpaka Maskati.

Kuna jambo moja huko linaendelea, nalo utalikuta mezani pa Ummu Karim kila siku. Wanaosimamia makaburi katika miji kadhaa wanataka kuyaondoa masanduku, waweke mawe ya namna moja, safi, yaliyopangika. Kina mama wengi wamekataa. Wasanifu vijana wanasema mawe ya namna moja yana heshima zaidi, na kwa macho huenda wana haki. Utaulizwa rai yako, kwa sababu unasomea hayo. Sikuchagulii la kusema. Ila mbele ya Ummu Karim usiseme “masanduku”. Kila moja lina mwenyewe.

Haya, sasa lililotokea leo, ambalo wewe hulijui.

Alasiri, ulipokwishaondoka na baba yako, simu ya nyumbani ililia. Nilidhani ni shangazi zako. Alikuwa Ummu Karim, na sauti yake ilikuwa kama imetoka chini ya maji. Karim kapatikana. Wale wanaotafuta mabaki kwenye mipaka wamemkuta katika yale mabwawa ambayo sasa yamekauka, na kibati cha jina lake kiko naye. Wakapima na damu ya mama, ikawafikiana. Wanamleta Shiraz, maziko Alhamisi hii, penye safu nyengine ya uwanja ule ule.

Nilikaa kitako chini na simu. Nilimwambia maneno tunayoyasema, ya kumshukuru Mungu na ya kumpa pole, yamechanganyika. Halafu nikamuuliza, na nilijilaumu neno likiwa bado mdomoni, yule mwengine itakuwaje. Akanambia, “Sasa nna wawili. Miguu yangu ndo mibovu, lakini nna wawili.”

Bibi alikuwa kasimama mlangoni, kasikia. Akaomba simu. Kwa kile Kiarabu chake cha kuokotaokota alimpongeza Ummu Karim kwa kurudi mwanawe, akamwita dada. Alipoweka simu alitoka nje akenda kukaa barazani. Nikamfuata. Nilikuwa naogopa. Said hatorudi, sote tunajua, hakuna anayemtafuta kwenye bwawa lolote, na nilihofia furaha ya mwenziwe itamkata. Safari hii nilimuuliza. Nilimuuliza waziwazi kama ameumia.

Akasema, “Nimeumia. Na nimefurahi, wallahi. Yote mawili yamo, usiyatoe.”

Nikampelekea chai. Akainywa yote. Ndipo akanambia kuwa ana ujumbe wako na akanitaka niuandike, maana akikwambia mwenyewe mtalia nyote na asubuhi utapanda ndege macho yamevimba. Anasema hivi, nayanakili kama alivyoyatamka:

“Mwambie Nasra, Alhamisi hii mji mzima utamfuata Karim. Ummu Karim atakuwa huko na jirani zake wote. Asiende nao. Achukue marashi ende mwisho wa uwanja kwa yule mwengine, amkoshe, akae naye mpaka watu watawanyike. Kazoea kuwa na mtu siku hiyo.”

Sina la kuongeza, mwanangu. Nasikia gari la baba yako linaingia.

Mama yako akupendaye